Siku tatu nikipiga vanishi kwenye boti ya kifahari yenye sura ya mababu: fundi wa Keko nimerudi silali

FundiKeko

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi samani, banda langu lipo Keko, mwaka wa kumi na sita huu nameza vumbi la mbao. Vitanda, makabati, meza za chakula, milango ya mninga. Na bahari sina undugu zaidi ya babu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi wa majahazi Bagamoyo, na pantoni ninayopanda nikienda kumsalimia dada yangu Kigamboni. Lakini kuna kitu nimekiona, na nikikaa nacho peke yangu kitanila.

Wiki mbili zilizopita dalali mmoja alinipigia. "Fundi, brashi unaiweza? Siyo kuspreya. Brashi ya mkono." Nikamwambia nilianza na brashi kabla kompresa haijafika mtaani kwetu. Akasema kesho saa kumi na mbili kamili asubuhi Msasani, na uje na viatu vyepesi kuvua. Hiyo ya viatu sikuielewa mpaka nilipofika.

Tulichukuliwa na boti ya mpira, mimi na vijana wawili wa Mbagala. Kulikuwa na ukungu mwepesi, kisiwa cha Bongoyo kinaonekana kama kimechorwa kwa mkaa. Chombo kilikuwa kimetia nanga huko nje. Nikadhani ni meli ya zamani, zile za kwenye picha za ukutani kwa mabibi. Ubavu wa buluu iliyokolea karibu iwe nyeusi, juu nyeupe, na mstari mwembamba wa dhahabu umetembea kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma). Dohani moja katikati, imelala nyuma kidogo kama kofia ya mtu anayejipenda. Milingoti miwili isiyo na tanga. Halafu omo wenyewe haukushuka wima majini kama boti za Zanzibar. Umepinda, umetangulia mbele, kama mtu anayenyoosha shingo dirishani aone nani kapiga hodi.

Nikamuuliza kijana aliyekuwa anatuendesha, hii ya mwaka gani, elfu moja mia tisa thelathini na ngapi? Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kumbe haina hata miaka kumi na tano. Chuma cha kuchomelea, injini za dizeli, rada, satelaiti, kila kitu kwa kompyuta. Wameivalisha tu nguo za babu.

Kazi yetu ilikuwa reli. Juu ya ukingo wa sitaha kuna ubao wa mtiki umezunguka chombo kizima, ule ambao mgeni anauegemea akitazama machweo. Vanishi yake ilikuwa imechoshwa na jua. Serahangi wao, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, mzungu mfupi wa New Zealand mwenye viganja kama koleo, alinijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Nikapiga. Akainama, akautazama ubao kwa ubavu dhidi ya mwanga, akatikisa kichwa cha kukubali. Ndipo akaniambia kwamba reli hiyo ikiwa mpya hupigwa vanishi mara kumi na mbili, na kila koti linapigwa msasa kabla ya jingine. Sisi tulikuja kuongeza koti tatu za juu tu, moja kwa siku. Wakuu, Keko kitanda kinapigwa mbili. Mteja mkorofi, tatu.

Kila siku ilikuwa hivi: msasa namba 320 kufuata nyuzi za mbao, kufuta vumbi kwa maji matamu, kusubiri kukauke, kupitisha kitambaa chenye kunata kinachookota hata unywele, ndipo brashi. Saa nne asubuhi brashi chini, hata kama umebakiza mita moja. Jua likipanda, vanishi inaganda juu kabla ya chini na unapata malengelenge. Mchana tuling'arisha shaba.

Sasa nije kwenye kilichoniondolea usingizi. Huwa natembea na rula yangu ya mbao, mita moja, ya mninga, nimeichonga mwenyewe. Siku ya kwanza niliilaza juu ya reli kuona kama kuna mabonde kabla ya msasa. Ikacheza. Nikasogea mbele mita tano, ikacheza. Nikatembea nayo chombo kizima. Wakuu, hakuna mahali pamoja ambapo rula ile ilitulia! Reli inapanda kuelekea omo, inashuka polepole katikati, halafu inanyanyuka tena kidogo tezi. Na ukiitazama kwa juu, nayo inatoka nje na kurudi ndani. Hakuna mstari ulionyooka kwenye chombo kile isipokuwa maji.

Nikamkumbuka babu. Alikuwa akipiga misumari miwili, anafunga kamba baina yake na kuilegeza, anarudi nyuma hatua kumi, anaitazama kwa jicho moja, anarudi kuilegeza tena. Akisema ubao ulionyooka ni wa jeneza. Nikiwa mtoto niliona ni mzee anapoteza muda.

Nawasilisha.

Mtoto wa Tandika

Picha mkuu? Bila picha hizi ni hadithi za Abunuwasi.

FundiKeko

Simu tuliziweka kwenye boksi kabla ya kupanda. Na jina la chombo silitaji, tuliahidi. Ukiona uongo, pita tu kaka.

Mama Ngisi

Mimi niko hapa soko la samaki Feri, naona meli za kila namna zikiingia. Swali langu dogo tu: hao watu wanaoga maji gani huko nje? Na vyombo wanaosha?

FundiKeko

Dada, niliuliza hilohilo! Wana mtambo unaovuta maji ya bahari na kuyasukuma kwa nguvu kwenye chujio laini mno, chumvi inabaki, maji matamu yanatoka. Ndiyo hayo tuliyofutia vumbi. Mimi Keko natembea na dumu.

Nahodha Mstaafu

Uzi huu nimeusoma mara mbili. Vijana, mtindo ulioelezwa hapa una historia, na fundi ameutazama vizuri kuliko watu wengi wanaopiga picha.

Boti ya namna hiyo wenyewe wanaiita yoti. Zamani za mvuke, matajiri wa Marekani na Ulaya walikuwa na yoti kubwa zenye omo uliopinda, kwa sababu zilirithi umbo la merikebu za matanga. Pale mbele palikaa mlingoti wa maji, ule unaotoka nje ya omo kushika matanga ya mbele. Boiler ilipoingia, dohani ikaongezeka, matanga yakabaki ya akiba, halafu yakaondoka kabisa. Umbo likabaki.

Maarufu kuliko zote ni za J.P. Morgan, yule wa benki wa New York, na mwanawe baada yake. Walikuwa nazo nne kwa kufuatana, zote zikiitwa Corsair. Ya pili ilichukuliwa na jeshi la wanamaji la Marekani mwaka 1898, ikapewa jina Gloucester na kupigana na Wahispania kule Santiago, Cuba. Ya nne, ya mwana, ilijengwa Bath, jimbo la Maine, mwaka 1930, urefu wake takriban mita 104. Mwaka 1940 Waingereza wakapewa kwa ajili ya vita. Baada ya vita ikageuzwa meli ya watalii, na 1949 ikapanda mwamba karibu na Acapulco, Mexico. Mwisho wake huo.

Sasa, mwaka 2007 ikatoka yoti inaitwa Nero, mita 90, imejengwa Yantai, China, kwa kuiga makusudi zile Corsair. Omo uleule, dohani ileile. Ndani ni chombo cha kisasa kabisa. Kwa maelezo ya fundi, alichopanda ni cha ukoo huo, sijui kama ni kikubwa hivyo.

FundiKeko

Mzee wangu shikamoo. Hakikuwa cha mita 90. Nilikipima kwa hatua nikiwa na ndoo, kama nusu yake hivi. Lakini ukoo ni huo.

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Na viatu uliambiwa uvue kwa sababu ya sitaha. Ule mtiki wa chini haupigwi vanishi, si ndiyo?

FundiKeko

Haupigwi kitu mzee! Nilitaka kuwashauri. Mbao tupu, rangi ya kijivu kama mkia wa pweza mkavu, na baina ya ubao na ubao mstari mweusi laini unaobonyea kidogo ukiukanyaga. Wanaiosha kwa maji ya bahari. Nikaambiwa mtiki una mafuta yake wenyewe, vanishi chini ingekuwa utelezi, na mchanga wa kwenye soli unaikwangua. Ile mistari myeusi ni kalafati (kiziba nafasi za mbao) ya siku hizi, mpira wa kumimina. Babu alitumia pamba na sifa, yale mafuta ya samaki, na harufu ya sifa hiyo mpaka leo nikiisikia Kunduchi najikuta nina miaka saba.

Jicho la Tatu

Samahani wakuu, nitawaharibia sherehe. Hapa tunasifia nini hasa? Boti mpya inajifanya ya zamani. Dohani haina moshi wa makaa. Mlingoti hauna tanga. Omo umepinda kushika mlingoti ambao haupo. Kwa Kiswahili cha mtaani hiyo ni feki. Ni sawa na yule jamaa aliyeweka nguzo za Kirumi kwenye nyumba ya Goba. Halafu inamilikiwa na mtu mmoja, wakati sisi tunasukumana pantoni asubuhi kama dagaa.

Mtoto wa Tandika

Hahahaa nguzo za Goba. Kaka umeniua.

Nahodha Mstaafu

Nguzo za Goba hazigharimu chochote zaidi ya saruji. Omo ule unagharimu, na ndiyo tofauti yenyewe.

Nieleze. Chombo kinachokata maji bila kuruka juu yake, mwendo wake unabanwa na urefu wa sehemu iliyo majini. Kadiri sehemu hiyo inavyokuwa ndefu, ndivyo kinavyoweza kwenda kasi kabla hakijaanza kupanda wimbi lake chenyewe. Ndiyo maana wabunifu wengi wa leo wanaweka omo wima kabisa: kila mita uliyoilipia iko majini, na ndani unapata chumba. Sasa mwenye omo uliopinda na tezi iliyochongoka nje ya maji amelipia mita kadhaa mbele na nyuma ambazo hazimpi kasi wala kitanda. Na bandari za yoti zinamtoza kwa urefu wote, pamoja na zile mita za hewani! Huyo mtu anajua anachofanya. Ameamua kununua mstari.

Kuhusu dohani, si tupu. Injini za dizeli zina moshi, na zina joto. Kwenye boti nyingi za kisasa moshi unatolewa ubavuni karibu na maji. Kwenye hizi wanaupandisha juu kupitia dohani, na humohumo wanaficha mabomba ya hewa na waya za antena. Kwa hiyo kazi bado inafanya.

Hilo la pantoni sina jibu.

Mpemba wa Kariakoo

Hebu nami niseme langu. Mnazungumza Morgan, Morgan, kama kwamba pwani hii haijapata kuona yoti. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikuwa nayo! Kimbunga cha 1872 kiliisagasaga jahazi na meli zilizokuwako bandarini Unguja, za kwake Seyyid zikiwemo. Akaagiza meli Uskochi, kwa Denny wa Dumbarton, ikaja 1878, mbao na chuma, milingoti mitatu na injini ya mvuke, jina lake Glasgow. Iliiga manowari ya Waingereza yenye jina hilohilo. Kwa hiyo kaka Jicho, kuiga si jambo la leo.

Wanavyosimulia, Seyyid mwenyewe hata hakuipenda sana, ikakaa tu imetia nanga mbele ya kasri. Halafu Agosti 27, 1896, vile vita vya dakika thelathini na kitu, Waingereza wakaizamisha palepale. Maji si marefu, basi milingoti ikabaki imesimama juu ya maji mpaka 1912 walipoivunja. Fikirini nyinyi, miaka kumi na sita kila asubuhi watu wa Forodhani wanafungua dirisha wanaiona milingoti ya mfalme imechomoza baharini.

Mama Ngisi

Hiyo ya milingoti imenisisimua mwili. Sikuijua.

Mkigoma Halisi

Na sisi wa ziwani tusisahaulike. Mnatafuta meli yenye sura ya zamani isiyo feki? Liemba! Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa, ikafumuliwa tena, ikafungwa kwenye makasha kama elfu tano. Makasha hayo yaliteremshwa hapohapo bandari ya Dar, yakapanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma. Ikaingia majini 1915 kwa jina Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe, lakini wahandisi wakapaka injini grisi nzito kwanza, maana walijua watarudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Ilikuwa ya mvuke mpaka miaka ya sabini ilipowekewa dizeli.

Bibi yangu alijifungulia mjomba kwenye Liemba, kati ya Kigoma na Kasanga. Hilo halimo kwenye vitabu.

Jicho la Tatu

Sasa hiyo ndiyo meli. Imezeeka kwa haki yake.

Nahodha Mstaafu

Itazame Liemba vizuri basi, halafu mwambie fundi aende na rula yake. Sitaha yake nayo inanyanyuka mbele. Mjerumani aliyeichora 1913 hakuwa anaiga mtu. Alikuwa anazuia wimbi lisipande juu ya omo. Urembo wote wa zile zama ulianza kama kinga ya maji.

Mtoto wa Tandika

Nahodha, wageni wangapi wanapanda hizo yoti? Mita 90 si wanaingia mtaa mzima?

Nahodha Mstaafu

Nero inachukua wageni 12. Na si kwa ubahili. Sheria ya kimataifa ya usalama baharini inasema chombo kikibeba abiria zaidi ya 12 kinahesabiwa meli ya abiria, na hapo masharti ya ujenzi, moto na maboti ya kuokolea yanakuwa mengine kabisa, ya gharama na ya kuvuruga umbo. Kwa hiyo yoti nyingi kubwa zinasimama kwenye 12. Waliobaki mle ndani ni mabaharia.

Mtoto wa Tandika

Wageni 12 mita 90. Pantoni ya Kigamboni abiria kwa mamia na magari juu. Naandika hii nikiwa ndani yake, kuna mtu kaniwekea kuku miguuni.

Mama Ngisi

Kuku huyo ni wangu, mwangalie vizuri mwanangu. Natania.

Mbao Ghafi

Niingie kwa upande wangu, mimi ni mtu wa mbao. Mtiki unaosifiwa kwenye yoti ni ule wa msitu wa asili wa Myanmar. Umekua polepole, miaka mingi, nyuzi zake zimebanana na hazina vifundo. Sasa tangu mapinduzi ya kijeshi ya 2021, Marekani na Ulaya wamewekea vikwazo shirika la serikali linalouza mbao kule, na wajenzi wa yoti wanahangaika. Wengine wanatumia mtiki wa kupandwa unaogandishwa kwa tabaka, wengine mbao za misonobari zilizopikwa na kutiwa dawa mpaka zifanane, wengine plastiki yenye michirizi.

Na mitiki tunayo sisi. Longuza, Muheza, kuna shamba la mitiki lililopandwa tangu enzi za mkoloni. Mtibwa pia, na Kilombero. Tatizo la wa kupandwa ni kwamba unakua haraka, pete zake pana. Unafaa, lakini fundi wa yoti ataushika, ataunusa, atautazama kwenye ncha, halafu atakuuliza umri wake kama polisi.

FundiKeko, ile reli ilikuwa ya wapi?

FundiKeko

Sikuuliza, ila nilipoikwangua pale palipochubuka ilitoa harufu ya ngozi mpya na mafuta ya taa kwa mbali. Nyuzi zake hata ukucha hauingii. Ya Longuza naijua, haiko hivyo.

Sasa nimjibu kaka Jicho la Tatu, maana neno lake la feki nimelala nalo siku mbili.

Siku ya pili mvua ilinyesha ghafla saa mbili asubuhi, tukafunika reli kwa turubai, wakatuingiza chumba cha chakula tusilowe. Kuta zote mbao nyekundu, paneli zenye fremu, na kila kona ya fremu kiungo kimekutana bila hata nafasi ya wembe. Meza ya watu kumi na mbili. Nilizunguka mikono mgongoni kama mtu wa makumbusho. Halafu ufundi ukanishinda, nikagonga paneli moja kwa kidole.

Haikuwa mbao. Ililia nyepesi, kama kugonga kasha la biskuti.

Serahangi akacheka, akanipeleka stoo kunionyesha kipande kilichobaki. Ndani ni alumini imekunjwa kama sega la nyuki, unene wa kidole, nje imebandikwa utando wa mahogani mwembamba kama karatasi ya daftari. Kipande cha ukubwa wa mlango nilikinyanyua kwa vidole viwili. Sababu ni uzito: ukijaza mbao ngumu huko juu, chombo kinakuwa kizito kichwani na kinayumba.

Kwa hiyo ndiyo, kaka, kuna feki mle. Nilijisikia kudanganywa kama dakika tano. Halafu nikazitazama tena zile kona. Aliyekata utando ule alihakikisha nyuzi za paneli hii zinaendelea kwenye paneli inayofuata, na inayofuata, chumba kizima, kama ubao mmoja uliofunguliwa kama kitabu. Hata nyuma ya mlango wa kabati la vikombe nyuzi zinaendelea. Nani atatazama nyuma ya mlango wa kabati la vikombe? Mimi Keko nabandika utando kwenye ubao wa maranda kila wiki na sijawahi kufikiria nyuzi zikutane hata kwenye droo mbili. Mteja hajaniuliza, nami sijajiuliza.

Nguzo za Goba hazina mtu aliyetazama nyuma yake. Hapo ndipo mimi naziachanisha.

Jicho la Tatu

Sawa fundi. Hilo la nyuzi nimelielewa. Bado sipendi dohani. Na malipo je? Au ulilipwa machweo?

FundiKeko

Hapo umenigusa penyewe. Kwa siku tatu tuliahidiwa kiasi fulani, dalali akatupa nusu na mia mbili ya nauli, eti boti ilikata bei. Siku ya mwisho serahangi aliniuliza kama nimeridhika na malipo, akataja kiasi walichompa dalali. Nilitabasamu tu nikasema nimeridhika, maana ningesema nini, na dalali kasimama pale anakuna shingo. Wale vijana wa Mbagala nikawaongezea kidogo kutoka kwangu. Dalali simu zangu hapokei. Yaishie hapo.

Mbao Ghafi

Madalali. Wameleta mpaka baharini.

Mpemba wa Kariakoo

Pole sana fundi. Kazi ulifanya, jicho ulipata, hela amekula mwengine. Na waliondoka lini?

FundiKeko

Asubuhi ya nne. Sikuwa na kazi tena ila nilipanda bajaji nikaenda ufukweni Coco nikae kwenye ukuta. Nilitaka niione ikitembea, maana siku zote tatu ilikuwa imesimama.

Walinyanyua nanga kama saa moja na nusu. Sikusikia chochote kutoka kule nilikokuwa. Ikageuka polepole, jua likaigonga ubavuni, na ule mstari wa dhahabu ukawaka mara moja kutoka mbele kwenda nyuma, kama mtu amepitisha kiberiti. Halafu ikashika njia ya kusini. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo pembeni yangu akasema, "Hiyo ya mkoloni bado inatembea?" Sikumsahihisha.

Nilikuwa natazama reli. Kwa umbali ule huwezi kuona vanishi, bila shaka. Ila ule mshuko wa katikati na mnyanyuko wa mbele ulikuwa unaonekana wazi, na wimbi lilipoinua omo, mstari wa reli na mgongo wa wimbi vikawa kitu kimoja kwa muda wa pumzi moja hivi, halafu vikaachana.

Nahodha Mstaafu

Umeona, mwanangu.

Mtoto wa Tandika

Fundi, mimi nilikutania mwanzoni. Sasa nina jambo. Mke wangu anataka kitanda, tano kwa sita, mninga. Unaweza kumpigia vanishi ile ya boti?

FundiKeko

Njoo Jumatatu kaka. Nikupigie koti saba, kumi na mbili hapana, utanifilisi msasa. Na ubao wa kichwani nitaupinda.

Mtoto wa Tandika

Kwa bei ileile?

FundiKeko

Ile ya kunyooka ilikuwa laki nne na nusu. Ya kupinda njoo tuongee, ila usije na dalali.